Siku Niliyoitwa Rubani Dukani

Msonyo wa shangazi bado ninausikia: mrefu, mkavu, katikati ya duka la vitabu vya urubani lililokuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Nilikuwa nimetoka kazini uwanja wa ndege wa Heathrow, ninakofanya usafi, na mkononi nimeshika kitabu chembamba cha wanaoanza kujifunza kurusha ndege ndogo.

"Hiki si cha watoto, mwanangu?" shangazi alisema. "Chukua lile bonge pale. Wasije wakadhani tumekuja kupunga upepo."

Bonge lile lilikuwa la marubani wa ndege za abiria. Muuzaji, mzee wa Kizungu, aliniuliza kwa upole kama nimeshaanza mafunzo. Kabla sijajibu, shangazi akadakia kwa Kiingereza chake: "Huyu ni rubani tayari!"

Alitaka kunipandisha hadhi tu, maskini. Lakini mzee alifurahi kweli, akauliza ninarusha ndege gani. Sikujua hata jina la ndege ndogo moja, basi nikabaki natabasamu huku nikitazama viatu vyangu vya kazi. Mzee akaelewa, akaacha kuuliza, na huruma yake ndiyo iliyoniumiza zaidi. Tukatoka mikono mitupu.

Wiki nzima niliona aibu hata kuinua macho ndege zikipita. Jumamosi nikarudi peke yangu, nikasimama mbele ya yule mzee, nikamwambia, "Sijaanza bado. Nianze na kipi?"