Nilimsamehe Afisa kwa Niaba ya Mama Yangu

Nimekosa, na wa kulaumiwa ni mimi peke yangu. Nilitoa msamaha ambao haukuwa wangu.

Natunza wazee majumbani hapa Birmingham. Mmoja wao, kule Perry Barr, alikuwa Mwingereza wa miaka tisini na kitu, mkewe alishafariki, akili inakuja na kupotea. Aliposikia natoka Murang'a alinishika mkono, akanisemesha Kiswahili cha mabwana wa zamani: "Mimi najua kwenu. Mimi nafanya kazi huko, bado kijana."

Alikuja Kenya akiwa luteni jeshini wakati wa vita vya Mau Mau. Baadaye akaacha bunduki, akapewa tarafa aitawale, bwana D.O. kamili, na ndevu hazijakomaa. Nikimlisha uji ananihadithia: farasi wake, mpishi wake, barabara aliyowachimbisha watu.

Siku moja akataja kilima alichoamuru nyumba zake zichomwe, watu wakafungiwa kwenye kijiji cha seng'enge. Kilikuwa kilima cha kina mama yangu. Mama alikuwa mtoto wakati ule. Mdogo wake alikufa kwa njaa ndani ya seng'enge hiyo.

Nikaendelea kumlisha uji. Nilikuwa kazini.

Asubuhi nyingine nikamkuta analia, dawa hataki. "Watu ile," akaniuliza, "nasamehe mimi?"

Nilikuwa nimechelewa. Bibi mwingine alikuwa ananingoja mtaa wa Aston, hajaoshwa, hajala. Nikasema, "Walishakusamehe, mzee. Meza dawa."

Akameza. Tangu hapo akawa mtu mwingine. Analala vizuri, anatabasamu, kila anayeingia anaambiwa kwamba wale watu wamemsamehe. Niliona aibu, lakini nilijiambia ni mgonjwa, acha apumzike.

Akafa. Kanisani binti yake alisema baba ameondoka na amani kwa sababu mwanamke wa kule kule alimsamehe kwa niaba ya watu wake. Akaniomba nisimame. Mungu wangu, nikasimama! Watu wakanipigia makofi. Mtu akarekodi, na video ikatembea hadi ikafika kwa mama.

Mama alinipigia mwenyewe, jambo ambalo huwa hafanyi. Hakupandisha sauti.

"Kumbe huyo mtu alikuwa hai wakati huu wote?"

"Ndiyo, mama."

"Na aliuliza?"

"Aliuliza."

"Nami nilikuwa hapa, na simu unayo."

Nikamuuliza, "Ungemjibu nini, mama?"

"Sasa nitajuaje, mwanangu? Hakuniuliza mimi."

Tangu siku hiyo nikipiga simu anapokea dada yangu. "Mama amelala," ananiambia, hata ikiwa mchana kweupe, na nyuma yake namsikia mama akiongea na kuku. Nimefikiria kwenda nyumbani nimpigie magoti. Lakini nikishapiga magoti nimwambie nini? Mzungu ameshazikwa. Siwezi kumwamsha aulize upya, na makofi yale siwezi kuyarudisha.

Hata kulia nalia nikijua hakunisaidii.

Ndugu yangu unayesoma, ukiombwa msamaha wa jambo ambalo halikukuumiza wewe, usijibu. Usijibu kwa huruma, wala kwa sababu una haraka. Kama mwenye uchungu yuko hai, mpigie simu.