Bibi Alitaka Kupigwa Picha Mvuani

Mimi napiga picha mvuani. Wenzangu wakifunga kamera na kukimbilia mgahawani kunywa chai, mimi ndio kwanza navaa mabuti. Nimepiga maporomoko ya maji ya kusini na ya kaskazini, na karibu yote nimeyapiga siku ambayo mwenyeji wangu aliniambia kwa huruma kabisa, "Dada, leo hali ya hewa mbaya, ungesubiri kesho." Nisubiri kesho kwa nini? Maporomoko yaliyokosa mvua yananikumbusha bomba la mtaani saa za mgawo. Watu hunicheka nikirudi nimelowa mpaka kwenye soksi, nami huwaacha wacheke, kwa sababu picha zangu wanazinunua wao wenyewe.

Masika yaliyopita nilirudi Tabora kumwona shangazi. Treni iliingia stesheni mvua ikinyesha ile ya kwetu, nzito, yenye kuinua harufu ya udongo uliokuwa na kiu tangu Mei. Nilisimama mlangoni mwa behewa na begi langu, nikaivuta harufu ile, na hapo hapo, rafiki yangu, nikawa mtoto wa shule ya msingi tena. Kabla sijakanyaga chini nilikuwa nimeshaamua kwamba nitakwenda kijijini kwa bibi, nikalione jiwe.

Lakini huwezi kulielewa jiwe kabla hujamjua shangazi. Ni dada yake baba, na ndiye aliyenilea mjini ili nisome. Alikuwa na studio ya picha katika chumba cha mbele cha nyumba yake, karibu na soko, na kazi haikumpungukia, maana kwenye harusi za mjini, ndani kwa wanawake, bibi harusi anapofunuliwa, mwanamume mwenye kamera haingii. Aliingia shangazi. Nyuma yake niliingia mimi, nimebeba mwavuli mweupe wa kurudishia mwanga, na Jumatatu darasani nilikuwa bado nanukia udi na pilau.

Nyuma ya kiti cha wateja alitundika pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Aliyelichora hajawahi kuona maporomoko maishani mwake; maji yake yalikuwa ya buluu kama wino na yaliteremka kwa vidato kama ngazi. Watu walilipenda sana. Ukiingia nyumba nyingi za Tabora leo utakuta baba, mama na watoto wamepigwa wakiwa wakavu kabisa, wamepakwa poda, na nyuma yao mto mzima unaanguka.

Shangazi aliliogopa tone la mvua kuliko mwizi. "Jua ndilo linalotulisha," alikuwa akisema, na mawingu yakikusanyika aliifunga kamera ndani ya kanga mbili, akaiweka kabatini, akakaa kukaanga karanga. Sheria yake ya pili ilikuwa macho. Mteja analipia macho yake, alisema. Picha ambayo macho hayaonekani aliichana mbele yako na kukupiga nyingine bure.

Sasa, mwanamke huyu aliyewapiga picha watu wote wa mji alikuwa na jeraha moja. Babu, yaani baba yake mzazi, alikufa bila picha. Kila mwaka shangazi alisema nitampiga Idi ijayo, na Idi moja ikafika, mzee hayupo. Siku moja nilimsikia akimwambia rafiki yake kwamba ameanza kuisahau pua ya baba yake. Pua tu, kila kitu kingine bado anacho. Aliyasema hayo huku akipembua mchele, na hakuuacha mchele, lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu nikaona kwamba alikuwa anatupa mchele na kubakiza mawe.

Alikuwa amebaki bibi, na bibi hakutaka picha. Akiona kamera alijifunika kanga usoni na kuendelea kusimulia habari zake humo humo ndani. Shangazi alijaribu kumwibia mara moja; akapata picha nzuri sana ya mgongo. Alipombembeleza zaidi, bibi akampa sharti: "Nipige siku jiwe likilia."

Kijiji cha bibi kipo upande wa Kaliua, kwenye njia ya zamani ya misafara, na jiwe lilikuwa nyuma ya shamba lake la karanga. Lilikuwa jabali refu kuliko msikiti wa kijiji, na kiangazi chote halikuwa na kazi isipokuwa kuota jua pamoja na mijusi. Ila juu yake palikuwa na bonde kama bakuli. Mvua ikinyesha kwa nguvu, bakuli lile lilijaa, likafurika, na maji yakaanguka kwa mbele, meupe, yakivuma hadi yasikike nyumbani. Mvua ikikatika, na jiwe linanyamaza. Bibi alituambia kwamba wapagazi wa zamani walikuwa wakitua mizigo yao pale, na kwamba babu yake babu alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo katika nchi yetu ile ya tambarare tulikuwa na maporomoko yetu, lakini hayakuonwa na mtu asiyekubali kulowa.

Shangazi alilichukua sharti lile kama njia ya heshima ya kukataa. Mpaka ilipofika habari kwamba bibi anakohoa kikohozi kisichosikia dawa. Ilikuwa likizo, masika yameanza. Shangazi aliifunga studio, akanunua mkanda mmoja wa picha, akakusanya mifuko ya nailoni ya majirani wote, tukapanda treni. Mwavuli mweupe nilikuwa nao mimi.

Tukafika, na mvua ikakauka.

Usicheke. Mwanamke aliyekuwa akiilaani mvua tangu nimjue alikaa kibarazani akiangalia angani kwa huzuni, na anga ikawa safi kama sahani iliyooshwa. Bibi alitupokea kwa furaha. Asubuhi nilimwamkia kwa "mwangaluka" niliyofundishwa, naye akanijibu kwa maneno mengi ambayo sikuyajua, kisha akanipa michembe ya viazi na karanga za kuchemsha, na uyoga wa mvua za mwanzo alioupika kwa karanga za kusaga, ambao mpaka leo nikila nyama ya hotelini naukumbuka. Usiku alikohoa. Shangazi alikuwa akilala macho wazi, akimsikiliza.

Siku ya tatu bibi akatimiza lile neno la wahenga bila kubadilisha hata herufi. Alimkabidhi shangazi jembe. Mpiga picha wa maharusi, mwenye hina mikononi, akaenda kupalilia karanga, na mimi nikafuata nyuma nikikusanya magugu. Jua lilikuwa linachoma. Ilipofika saa ya kupumzika, bibi akakaa kwenye mpaka wa shamba, na mwanga ukamwangukia vizuri upande mmoja wa uso. Hata mimi niliuona. Shangazi akaweka jembe chini.

"Mama, nikupige hapo hapo. Mwanga mzuri mno."

"Mzuri kwako," bibi akasema. "Mimi jua kama hili likinipiga usoni nawaza mahindi tu. Utapiga uso wa kuomba mvua, halafu uwaonyeshe vitukuu kwamba bibi yenu alikuwa hivi, amekunja uso maisha yake yote?"

"Ukikunja nitakwambia ukunjue."

"Kwa ajili ya kamera? Hapana, mwanangu. Mimi nimecheka sana duniani, lakini nilicheka mvua ikinyesha. Baba yako alijua. Wewe ulikuwa mdogo, ukikimbilia ndani."

Shangazi aliokota jembe lake akaendelea kupalilia, na kwa jinsi alivyopalilia nilijua kwamba hataomba tena picha ya juani. Mimi nilibaki nikilifikiria lile neno ambalo redio yetu ililitangaza kila masika, hali mbaya ya hewa. Redio ilikuwa ya mjini. Kwa bibi, kitu kile kile ndicho alichokiombea dua mwaka mzima.

Ilikuja alasiri, siku tuliyokwisha kufunga mizigo ya kurudi. Upepo kwanza, ukaangusha sufuria kibarazani, halafu upande wa magharibi wote ukawa mweusi. Bibi alikuwa wa kwanza kutoka. Alijifunga kanga yake kiunoni akashika njia ya shambani. Shangazi alisimama mlangoni na kamera kifuani, na mimi nikaona jinsi alivyoogopa, maana kamera ile ndiyo iliyotulisha. Kisha akasema, "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," akaivisha kamera mifuko ya nailoni, akaniambia nichukue mwavuli, na yeye mwenyewe akabeba kinu.

Jirani wa bibi, kijana aliyeoa mwaka ule, alikuwa amejibanza chini ya paa lake. "Shikamoo mama, mnakwenda wapi na mvua hii?"

"Marahaba. Kupiga picha."

"Na kinu?"

Hatukuwa na nafasi ya kumweleza. Jiwe lilikuwa limeshaanza. Kwa mbali lilisikika kama treni, na tulipofika mbele yake maji yalikuwa yakianguka kwa upana wa mlango wa ghala, yakirusha manyunyu mpaka kwenye miguu yetu. Shangazi alikipindua kinu akaweka kamera juu ya kitako chake, kwa kuwa giza lilikuwa jingi na alihitaji kuiacha kamera iangalie muda mrefu bila kutikisika. Mimi niliushikilia mwavuli kwa mikono miwili. Ulitengenezwa kwa ajili ya mwanga, lakini siku ile ukafanya kazi ya miavuli yote.

Bibi alisimama kando ya maji, amelowa chapachapa, mwembamba kuliko nilivyomdhania.

"Mama, usitikisike! Angalia huku!"

Alitulia kama alivyoambiwa. Lakini hakuangalia huku. Aliinua uso juu, akafumba macho, akafungua kinywa, na mvua ikamwingia. Shangazi aliita tena na tena, "Huku, mama, huku," na kila alipoita alibonyeza.

Mjini, katika chumba cha giza, picha nyingi zilitoka ukungu mtupu. Moja ikatoka. Maji yamekuwa laini kama pamba iliyochambuliwa, jiwe jeusi, na katikati bibi, wazi kila mkunjo, anacheka kwa kinywa chote. Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia. "Macho hayaonekani," alisema. Hakuichana, lakini hakuitundika pia. Bibi alipoletwa mjini kwa matibabu alionyeshwa. Aliishika karibu na uso, akaitazama muda mrefu, akasema, "Ndiye huyu," akairudisha. Shangazi akamwomba warudie masika yajayo, nipate na macho, mama. Bibi akasema inshallah, na masika yajayo hakuyafikia.

Siku ya matanga ndugu walipouliza kama ipo picha, shangazi aliitoa sandukuni kwa aibu. Ikapita mkononi kwa wanawake, mkeka hadi mkeka. Wakaitazama, na mmoja wao, aliyelima na bibi tangu usichana wao, akaanza kucheka huku machozi yakimtoka, na wengine wakamfuata, wakicheka msibani bila kuona haya. Baada ya arobaini shangazi aliitundika studio, juu ya maharusi wote. Mimi nilikua chini ya picha ile. Kazi yangu yote imetoka pale na siioni haja ya kutafuta asili nyingine.

Basi masika hayo nilikwenda. Pikipiki ilinishusha kwenye miembe ya njia ya zamani, mvua ikiwa bado inanyesha, nikapita palipokuwa na shamba la karanga. Jiwe halipo. Lilivunjwa likawa kokoto za barabara, ile ile nzuri iliyonifikisha kijijini bila kukwama. Nimelikanyaga kwa magurudumu na sikujua. Pamebaki shimo pana lenye maji mekundu, na mvua inalipiga bila kishindo chochote. Nilitega sikio, kama mjinga. Studio nayo haipo siku hizi, pale panauzwa vocha na chaja, na pazia la maporomoko hakuna anayejua lilikwenda wapi. Iliniuma, nakwambia kweli. Jiwe lililowapumzisha wapagazi lingetakiwa kutushinda sisi sote umri.

Nilifungua kamera nikalipiga picha lile shimo. Mzee mmoja akatoka nyumba ya jirani, amejifunika gunia kichwani. Nilimwamkia, akaitikia, akaniangalia mimi, akaiangalia kamera.

"Safari hii kinu umekiacha wapi?" akauliza.

Tulicheka mpaka akakohoa. Nikampa simu yangu nikamwomba anipige pale pale palipokuwa jiwe. Akarudi nyuma, akanyoosha mikono, akasema kwa sauti, "Haya, angalia huku." Lakini mvua ilikuwa tamu usoni, na mimi nilikuwa nimeshatazama juu.

Jioni nilimwonyesha shangazi. Siku hizi haoni vizuri. Aliisogeza simu hadi ikagusa pua. Mvua ilikuwa ikipiga bati, na kwenye jiko karanga zilikuwa zinaanza kulia.

"Macho hayaonekani," akasema hatimaye.

Akanirudishia simu, kisha akaishika tena kabla sijaipokea.

"Usiifute."