Kidevu cha Gliceria

Mara ya kwanza Gliceria Hervias alipopanda ngazi za kliniki yetu, alikuwa ameshika kidevu kama mtu anayeumwa jino. Nikamwambia, "Daktari wa meno yuko ng'ambo ya barabara, dada."

"Si jino, sista. Funga mlango kwanza."

Mimi ni nesi wa mashine ya leza hapa Jaro, juu ya duka la mikate, na nimeshaona videvu na makwapa ya nusu ya mji wa Iloilo. Gliceria nilimjua kama kila mtu anavyomjua. Ni yule mama wa bibingka sokoni, mkaa chini, mkaa juu, na katikati mikate ya mchele na nazi inaumuka. Mumewe alifariki binti yao Rhodora akiwa bado anatambaa, naye akamlea peke yake kwa jiko lile. Ulimi wake ni wembe. Ukimwomba akupunguzie bei, anakuuliza kama minazi umeipanda wewe. Lakini hakuna aliyewahi kumgusa shavu. Sisi tukikutana tunagusanisha mashavu, mwanamke na mwanamke, mama na mwana. Yeye hurudi nyuma na kusema ana masizi. Watu walimwita mwenye maringo, na mimi, kusema kweli, niliwaamini.

Mlango ulipofungwa akaondoa mkono. Kidevu kilikuwa kitupu, hakina hata unywele mmoja, ila kimevimba na kujaa makovu madogo madogo. Alianza kuota ndevu tangu usichana. Kila alfajiri alisimama dirishani na kioo na kibano, akazing'oa moja moja kabla binti hajaamka.

"Nipige hiyo taa yako, ziishe zote leo."

"Nipige nini sasa? Hapa hamna kitu."

"Nimezing'oa jana. Ulitaka nije kwa watu na ndevu? Aibu bado ninayo!"

Hapo ndipo wanawake wa kwetu wanaponimaliza. Tumezoea kibano tangu utoto, na kumwonyesha mgeni unywele ni aibu, kwa hiyo wanafika kwangu wameng'oa mpaka wa mwisho. Ni kama kufagia nyumba kabla ya kumwita mfagiaji. Nikamkalisha nikamweleza. Leza inatafuta weusi. Mwanga unaingia kwenye unywele mweusi, unageuka joto, na joto linateremka mpaka kwenye shina na kuliunguza. Ukiung'oa unywele, njia ya kuteremkia umeitupa jaani.

"Weka kibano mbali mwezi mzima," nikamwambia. "Zikikukera, nyoa."

"Kwa wembe? Zirudi nene kama sharubu za kambare?"

"Wembe unakata ncha tu, dada, shina haulifikii. Zinachoma mkono kwa sababu zimekatwa butu. Hauongezeki hata mmoja."

Daktari wetu alimuuliza kuhusu siku zake za mwezi, akampeleka akapime damu. Majibu yalionyesha kwamba homoni zake haziko sawa, na daktari hakumficha kitu. Leza itapunguza ndevu na kuzilainisha, lakini haitazimaliza, na homoni zisipotulizwa kwa dawa zitaota nyingine. Itabidi arudi mara kadhaa, maana nywele haziamki zote kwa pamoja. Zenye mvi mashine haizioni kabisa. Tena ngozi ya kahawia kama yetu inataka mashine inayoifaa, na kujaribiwa kwanza mahali padogo, kwa kuwa mwanga ukikosewa unaunguza weusi wa ngozi yenyewe. Jua kali alikwepe, na sabuni za kung'arisha ngozi aziache. Na akishapigwa leza, jiko amwachie mtu mwingine siku mbili tatu.

Wengi wakifika hapo hununa, wakaenda kwa anayewaahidi muujiza. Gliceria aliuliza swali moja baada ya jingine, kama anavyogonga nazi sokoni kabla ya kununua.

"Kwa hiyo nitakufa nazo?"

"Utakufa na chache."

"Mbona yule wa redioni alisema zinaisha milele?"

"Yule anauza."

Akacheka, na toka siku hiyo nikampenda.

Baada ya mwezi akarudi. Kidevu kitupu tena! Nilipandwa na hasira nikashindwa hata kumkaribisha kiti. "Dada Gliceria, tunacheza hapa?"

Mwanamke yule wa ulimi mkali akalia. Rhodora alikuwa anamaliza shule, na amepata nishani. Mzazi ndiye hupanda jukwaani kumvisha mwanawe, kisha wanagusanisha mashavu, wanapigwa picha. "Tangu apate akili hajawahi kugusa shavu langu. Anadhani simpendi, sista. Juzi kaniambia nisijisumbue, atapanda na shangazi yake." Alitaka kidevu kiwe laini kabla ya siku hiyo, na kila alipoziona zinachomoza, mkono ulikwenda kwenye kibano wenyewe.

Sherehe ilikuwa baada ya wiki tatu. Nikamhurumia. "Basi zing'oe, upande jukwaani, uje baadaye. Leza haikimbii."

Akajifuta macho. "Nikizing'oa kwa sherehe hii, nitang'oa siku atakapopata kazi, nitang'oa na siku ya harusi yake. Wewe umeniambia sitazimaliza. Sasa mwanangu nitamkimbia mpaka lini?" Akatoa kibano mfukoni, akakiweka mezani kwangu, akashuka ngazi.

Leza alikuja kuipata baadaye, na akanitukana vizuri, eti inachapa kama mpira wa kufungia pesa. Leo ndevu zake ni chache. Lakini hilo ni kazi ya mashine, na mimi mashine siistaajabii.

Siku ya sherehe nami nilikuwa ukumbini, mpwa wangu alikuwa anamaliza pia. Lilikuwa joto la kukata pumzi. Gliceria alikuwa amenyoa asubuhi, na kufikia mchana nilijua kidevu chake kimeshaanza kuchoma. Jina la Rhodora likaitwa. Shangazi akainuka, Gliceria akamshika bega akamkalisha, akapanda yeye.

Alimvisha nishani. Binti akageukia kamera haraka, kama aliyezoea kutokutegemea kitu. Mama akakishika kichwa chake kwa mikono miwili, akalibana shavu la binti kwa lake.

Rhodora alishtuka akajivuta. Akapeleka vidole kwenye kidevu cha mama yake, akavipitisha taratibu, mbele ya walimu na wazazi wote. Kipaza sauti cha mwalimu kilikuwa pale pale, kwa hiyo sote tulisikia.

"Mama. Ni hizi?"

"Ni hizi."

"Miaka yote hii, ni hizi tu?"

Binti akalirudisha shavu lake palepale penye miba, akalisugua kwa nguvu kama mtoto anayetafuta usingizi. Mwalimu akaita jina linalofuata, kisha akaliita tena, na wale wawili hawakushuka.