Mgeni Tuliyesahau Kumsindikiza

Usiniambie kwamba niliota. Nilikuwa nyumbani kwangu, mtaa wa Ngezi, hapa Bunia, mchana mweupe, na sikuwa na homa. Asiyetaka kuamini ashike njia yake.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Mmisionari mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia mume wangu ordinatere yake, yaani kompyuta, pamoja na mashine ya kuchapia karatasi, na humo kwenye ordinatere mume wangu akaweka nyimbo zote alizokusanya kwa wazee wa kwao, upande wa Aveba. Wazee wenyewe walikuwa wamekwisha kufa. Karatasi zililiwa na mchwa. Halafu ugonjwa ukampiga, mkono wa kulia ukapooza na kichwa kikaanza kusahau. Basi zile nyimbo zilibaki ndani ya mashine tu.

Mwanzoni mashine ilikuwa inaganda. Unabonyeza, haijibu, unazima, unawasha, inakubali. Asubuhi moja ya baridi ikaandika kwa Kifaransa kwamba haioni diski, kile kisanduku cha chuma kinachotunza kila kitu. Mdogo wa mume wangu, fundi wa redio, akaifungua mezani. Akakaza nyaya, akapuliza vumbi, akabadilisha waya wa umeme, akasogeza mbabula yenye makaa ili unyevu ukauke. Kila alipowasha, maneno yaleyale. Mume wangu alikaa pembeni, nami niliogopa uso wake kuliko ile mashine.

"Shemeji," fundi akaniambia polepole, "diski haizunguke. Kama haizunguke, imekufa."

Mvua ilikuwa imeanza, nikafunga mlango. Mara tukasikia hodi. Nikafungua: mama mmoja aliyejifunga kikwembe cha buluu, miguu mitupu. Sikumjua, lakini nani anamfukuza mtu kwenye mvua? Nikamkaribisha, nikatia komeo. Niamini, nguo zake zilikuwa kavu. Niliona, nikajifanya sijaona.

"Nilikuwa napita," akasema. "Nikasikia mutoto iko nalia."

"Hapa hakuna mutoto, mama."

Akaonyesha meza. "Ule pale. Amepata baridi. Munipatie."

Siku nyingine fundi angecheka. Siku ile alifungua skrubu, akaitoa diski, akampa. Yule mama akaifunga mgongoni kwa kikwembe, akazunguka chumba akiinama na kuinuka, akiimba puani. Mume wangu akaanza kulia.

"Ule wimbo ni wa kwetu," akasema. "Iko ndani ya mashini."

Alipoirudisha, ilikuwa na joto. Fundi akaunganisha nyaya, akawasha. Ikavuma, ikazunguka. Nyimbo zote zilikuwemo! Tukainamia kioo cha mashine wote watatu, tukisoma na kucheka kama walevi. Nilipogeuka, yule mama hakuwapo.

Kwetu mgeni hatoki peke yake. Unasimama, unatoka naye, unamfikisha barabarani, hata kama hampatani. Sisi tulimpa mgongo. Na komeo bado lilikuwa limefungwa kwa ndani. Sasa niambie, alipitia wapi?

Hakupitia popote. Tangu siku ile, kiti cha karibu na mashine kilikuwa na joto kila nilipokigusa. Nilifungua mlango nikasema, "Mama, twende nikusindikize," nikatembea hadi barabarani peke yangu huku majirani wakinishangaa. Niliporudi, kiti kilikuwa na joto vilevile. Nilikonda kwa hofu. Mume wangu hakuogopa.

"Umuache," alisema. "Iko nangoja siye tumalize nyimbo."

Tukaendelea kuzitayarisha nyimbo ziingie kwenye karatasi, yeye akisahihisha kwa mdomo, mimi nikichapa. Jioni wimbo wa mwisho ulipokwisha kuchapwa kwenye karatasi, alivaa koti na kuchukua fimbo.

"Baba, weye unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Kusindikiza mugeni."

"Ubaki. Nitaenda miye."

"Weye alikukatala," akajibu kwa upole, akatoka.

Sijui kwa nini sikumshika. Alipokawia, mimi na mdogo wake tulimfuata, tukamkuta ameketi kando ya barabara, macho wazi, amekufa. Nyumbani kiti kilikuwa baridi, na diski haikuzunguka tena.

Nyimbo zake zinaimbwa mpaka leo, na watu hunipa pongezi. Mimi hupokea kwa moyo mzito. Wewe unayenisikiliza, mtu akikusaidia, acha kwanza hicho kinachokufurahisha, simama, mtoe hadi barabarani. Usipomsindikiza siku hiyo, atachagua mwenyewe wa kumsindikiza.