Miro ya Mboga na Miro ya Porini

Ukitaka kutofautisha miro tunayopika majani yake kama mboga na ile ya porini, subiri maua. Usione haya kusubiri. Mimea hii ni ya ukoo mmoja: kila jani limegawanyika vijani vitatu, maua ni ya manjano, na yote miwili huota yenyewe katikati ya mahindi mvua ikishika. Lakini ua la miro ya mboga lina mistari myembamba ya hudhurungi, kana kwamba mtu ameichora kwa kalamu, na ganda lake ni jembamba na refu. Ua la porini ni manjano matupu, na ganda ni fupi, nene, lenye vinyweleo. Kama maua hayajatoka, pitisha kidole chini ya jani. La mboga ni laini. La porini linakwaruza kidogo.

Yote haya nilikuwa nayajua siku dada yangu aliponiuliza.

Nilikuwa nimetoka kwangu Matisi kwenda kwake Ndalu kumsaidia palizi. Akang'oa mche akaniinulia. "Mwalimu, hii ni miro ama ni ingine? Imejaa shamba yote."

Mgongo uliniuma, jua lilikuwa kali. Nikahesabu vijani kwa macho tu. Vitatu.

"Ni miro, dada. Imekomaa tu. Katia ng'ombe."

"Una uhakika? Si unajua hii ng'ombe ndiyo nyonyo ya mtoto."

"Dada, nimefundisha mimea miaka mingapi?"

Akacheka. "Haya, mwalimu amesema."

Kwetu magugu ya palizi hayatupwi. Yanakatwakatwa kwa panga, yanachanganywa na mahindi machanga yaliyopunguzwa shambani, ng'ombe anapewa. Na ng'ombe yule hakuwa na mwenzake. Alikuja na mahari ya binti wa dada yangu, kutoka kwa wakwe zetu wa Suam. Binti alifariki akaacha mtoto wa miezi minne. Kwa kuwa mahari ilikuwa imelipwa, mtoto alikuwa wa kwao. Walikubali akae kwa nyanya yake maadamu maziwa yalikuwepo.

Sumu ya miro ya porini haina haraka. Wiki kadhaa ng'ombe alikula vizuri, kisha akaanza kukonda. Maziwa yakapungua hadi kikombe. Akawa anazunguka kamba yake, anaegemeza kichwa kwenye nguzo. Daktari wa mifugo alimfunua jicho, likaonekana la manjano.

"Ini imeisha," alisema. "Mlikuwa mnamlisha nini?"

Dada yangu alinitazama. "Majani tu," akajibu. Daktari akatukataza kumpa mtoto hata kile kikombe.

Ng'ombe alipokufa tulimzika nyuma ya boma. Kesho yake nilikwenda peke yangu kwenye ukingo wa shamba, ambako palizi haikufika. Mimea ilikuwa imetoa maua. Manjano matupu, hakuna mstari hata mmoja. Dada alinifuata. Nilimwonyesha ua, nikamwekea kidole chake chini ya jani. Alipapasa polepole.

"Kumbe ni rahisi hivi," akasema.

Mama mkwe wa marehemu binti alifika Jumamosi kutoka Suam. Alikaa, akanywa chai ya rangi, akatoa pole. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Mama, ng'ombe tuliwapa akiwa mzima. Ilikuwaje?"

"Ugonjwa," dada yangu alisema.

"Daktari aliitwa mapema?"

"Aliitwa."

"Maana watu wa nyumbani wanauliza. Kama ng'ombe imewashinda kuchunga, mtoto je?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pangu. Ningesema: mama, dada yangu aliuliza, akauliza tena, ni mimi niliyejibu bila kuangalia. Pengine bado wangemchukua mtoto. Pengine wasingemchukua. Nimewaeleza watoto wa watu mambo magumu kuliko hayo, taratibu, mpaka wa mwisho akaelewa. Badala yake nilikoroga chai ambayo haikuwa na sukari iliyobaki chini.

Mtoto alifungwa mgongoni mwa mama mkwe kwa leso ya dada yangu. Hakulia, alidhani ni matembezi. Tuliwasindikiza hadi barabarani, wakapanda pikipiki, dada akarekebisha kofia ya mtoto akairekebisha tena mpaka mwenye pikipiki akasema, "Mathe, si mvua inakuja."

Wakaenda. Tulisimama hadi mlio ukaisha.

"Mwalimu," dada yangu aliniambia bila kunigeukia, "leo hukuwa na kitu ya kueleza?"

Akatangulia kurudi nyumbani. Sikujua kama nimfuate.