Kadi ya Uongo ya Gunvor Hedblad

Gunvor Hedblad alipima miamba ya msitu wetu wa Uppland kwa miaka ishirini na miwili, na kila mwamba uliochomoza ardhini aliuandikia kadi: umeinamia wapi, umepasuka vipi. Kadi elfu nne na ushei. Chini ya msitu huo, mita mia tano hivi, ndiko zitakakozikwa taka za nyuklia, kwa hiyo kila palipovunjika mwamba lazima pajulikane kabla ya kuchimba. Mimi ni mpimaji wa daraja la pili. Kulalamika ndiko ninakokujua zaidi.

Mwaka juzi tulisumbuliwa na ukanda mmoja wa mwamba uliopondeka. Ulikuja moja kwa moja kuelekea eneo la mahandaki ya kuzikia taka, halafu ukapotelea kwenye kadi iliyosema: udongo mzito, mwamba hauonekani. Torkel, bosi wetu, akaamua pachorongwe shimo kwa mashine, kuutafuta mwamba chini ya udongo.

"Msichoronge," Gunvor akasema mbele ya kikao. "Mwamba upo, tena uko wazi."

"Umejuaje?" Torkel akauliza.

"Huwa naukalia kila Agosti."

"Sasa mama, mbona umeandika udongo?"

"Kuna uyoga wa manjano."

Hakuna aliyecheka. Huku kwetu mtu atakusomea barua zake za mapenzi kabla hajakuonyesha anapochuma uyoga. Torkel akauliza kwa sauti ya chini, "Mwingi?"

"Ndoo mbili."

Torkel akainamisha kichwa kwa heshima. Ndipo akakumbuka cheo chake. "Gunvor, kadi moja ikiwa ya uongo, nani ataziamini zile nyingine?"

"Hakuna," akasema. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Iliniuma kumwona akihojiwa hivyo.

Tukaenda kuangalia. Ukanda ulipita pale pale penye uyoga, na mahandaki yakasogezwa kwenye ramani. Kisha ikaamriwa kadi zake zote zihakikiwe upya, moja moja, huko huko msituni. Wa kuhakiki nikawa mimi, pamoja na mbu wote wa Uppland.

Gunvor akastaafu jibu likiwa bado. Hakukanyaga tena kwenye chumba chetu cha kahawa. Alisema mtu ambaye kazi yake iko mashakani akae kwake.

Nilimaliza baada ya viangazi viwili, nikaenda kumwambia mwenyewe. Alikuwa ametandika meza, kahawa na maandazi ya mdalasini.

"Yenye kosa ni moja tu," nikasema. "Ile ile. Jina lako safi, Gunvor."

Nilidhani atalia. Alinimiminia kahawa.

"Ni mbili," akasema. "Kadi namba mia tisa na kumi na moja. Mwamba unainamia magharibi, mimi nikaandika mashariki. Nimeligundua hapa nyumbani, kwenye daftari langu la zamani. Nikasema niache, wewe Sixten utaliona ukifika pale."

Niliikumbuka kadi hiyo. Mvua ilikuwa inanyesha, mwamba uko ng'ambo ya kinamasi, na alama ya vema niliiweka nikiwa nimekaa ndani ya gari, bila kuvuka.

"Kula, andazi linapoa," akasema.

Jumatatu asubuhi nilibisha mlango wa Torkel, nikamwambia kadi zote nilizozihakiki zinatakiwa kuhakikiwa upya, na mtu mwingine.