Mahakama Aliyoichagua Mwenyewe

Mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi na rafiki yangu wa tangu Tanga tulikuwa na kampuni ndogo ya kutengeneza makabati kule Wetherill Park, mtaa wa viwanda ughaibuni tulikohamia. Siku moja nikagundua ameniondoa kwenye ukurugenzi kwa karatasi ambayo sikuisaini. Nilipomkabili, hakukana.

"Twende mahakama ya shirikisho, ile ya nchi nzima, ndugu yangu," alisema, "tumalizane kistaarabu."

Nikakubali. Nilitoa ushahidi siku tatu, na kila asubuhi alinipa mkono na kuniulizia watoto.

Siku ya nne wakili wake alisimama akadai kwamba mahakama ile haikuwa na mamlaka juu ya shauri letu, kwamba lilipaswa kusikilizwa na mahakama ya jimbo. Wakili wangu akaruka: mbona wao ndio waliotaka kuja hapa?

Jaji, mama wa makamo, alijibu taratibu. "Makubaliano yenu hayawezi kunipa mamlaka. Ninaloweza kuamua kwanza ni kama ninayo." Alasiri akaamua kwamba hana.

Nje ya chumba nilimuuliza rafiki yangu, "Ulijua tangu mwanzo?"

"Wakili alinidokezea," alisema bila kunitazama. "Nilitaka uchoke."

Nilichukua faili langu nikashuka ngazi.

Lakini sikuchoka. Mahakama ya jimbo ilinirudishia nafasi yangu mwaka uliofuata. Nilirudi kiwandani, mimi na yeye tukawa tunakula kila mtu kona yake, na kabla ya Ramadhani, kwa kuwa sikutaka kufuturu hivyo, nikajiuzulu mwenyewe.